Upinde wa Mabega Mlangoni

Msikilizaji, mimina mchele kwenye chupa kwa faneli. Unashuka vizuri, mara unakwama: punje zimeegemeana, zimejenga upinde pale mdomoni. Umati nao hufanya vivyo hivyo mlangoni, ila upinde wake ni mabega ya watu.

Mwaka 2000, mtafiti Dirk Helbing na wenzake wawili waliliigiza jambo hili kwenye kompyuta. Kila mtu wa kubuni alipewa mwendo anaoutaka, na nguvu ya kusukumana na wenzake. Walipozidishiwa haraka, walitoka polepole zaidi. Na nguzo iliposimamishwa mbele ya mlango, kando kidogo ya katikati, ilipunguza msukumo. Nani angedhani kizuizi kinasaidia?

Nje ya kompyuta, msukumo huo huua. Kule Mina, karibu na Makka, Januari 2006, mahujaji zaidi ya 340 walifariki kwa msongamano penye mwingilio wa Daraja la Jamarat. Daraja likajengwa upya kwa ghorofa, njia za kuingia zikatengwa na za kutoka.

Nawe ukibanwa kwenye umati, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua. Ndala ikichomoka, iache hapohapo. Usiiname.