Kusoma, Kuhariri na Kuhifadhi: Picha za Miswada ya Kiswahili ndani ya Programu za Kompyuta



1.0 Utangulizi

Vitenzi vitatu, yaani kusoma, kuhariri na kuhifadhi, vina historia ndefu katika taaluma ya Kiswahili. Kabla havijaingia katika menyu za kompyuta, vilikuwa kazi ya kila siku ya wale waliopokea tenzi na mashairi yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kuyatayarisha kwa ajili ya wasomaji wa baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, na karatasi za Taylor zimo leo katika maktaba ya SOAS jijini London. J. W. T. Allen aliifanya Dar es Salaam. Orodha yake ya miswada na kanda za sauti zilizokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu ilichapishwa mwaka 1970.

Katika zama hizi miswada hupigwa picha, na picha hizo hugeuzwa kuwa faili. Faili nazo hupitishwa katika programu fupi ambazo husoma, hurekebisha na kuhifadhi mamia ya kurasa kwa dakika chache. Mara nyingi anayeandika programu hizo ni mwanafunzi wa isimu au wa fasihi, kwa kuwa maktaba za msimbo kama OpenCV na Pillow zimeirahisisha kazi hiyo hadi mistari mitatu au minne.

Mhadhara huu una hoja moja. Ndani ya programu, kila kimojawapo cha vitenzi hivyo vitatu ni uamuzi wa kihariri, hata pale ambapo hakuna mtu aliyekusudia kuamua lolote. Programu humwamulia mtaalamu, tena kimya kimya. Kwa hiyo taratibu ambazo wahariri wa matini walijiwekea kwa karne nyingi hazina budi kuhamia katika msimbo.

2.0 Uzito wa nukta

Ili kuuona uzito wa jambo hili, yafaa kuanza na umbo la hati yenyewe. Herufi ba, ta, tha, nun na ya, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, hutumia jino moja lile lile. Kinachozitofautisha ni nukta tu: ba ina moja chini, ta ina mbili juu, tha ina tatu juu, nun ina moja juu, na ya ina mbili chini. Maneno bata, tata na nata, yakiandikwa kwa hati ya kale isiyotenga aina za t, hutofautiana kwa nukta za herufi ya kwanza peke yake.

Mzigo wa msomaji haukomei hapo. Katika miswada mingi ya kale herufi ba husimamia b, p na mb; kasra husimamia i na e; dhumma husimamia u na o. Ndiyo maana Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl, katika makala yao ya mwaka 1997, walipendekeza utaratibu kamili zaidi wa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Hati ambayo tayari inamwachia msomaji mambo mengi ya kukisia haiwezi kumudu upotevu wa alama zile chache ilizo nazo. Nukta moja ikipotea, neno zima huweza kupotea.

3.0 Kusoma

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Kila kijiraba, yaani pikseli, hubeba namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Ukurasa wenye pikseli 3,000 kwa 4,000 una pikseli milioni 12, na kwa hiyo namba milioni 36. Kuisoma faili ni kuzijaza namba hizo katika kumbukumbu ya mashine.

Hata katika hatua hii ya kwanza kuna mambo yanayobadilika. Amri ya imread katika OpenCV, isipopewa maelekezo mengine, huishusha picha yenye viwango 65,536 vya kila rangi hadi viwango 256. Aidha, jedwali inalorejesha halibebi maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, kama vile tarehe ya kupigwa picha na aina ya kamera. Faili isipopatikana, amri hiyo haisimamishi kazi, bali hurejesha jedwali tupu. Asiyelikagua huendelea na safari akidhani amebeba mzigo.

Kuna pia suala la mpangilio wa rangi. OpenCV huzipanga kuanzia buluu, kisha kijani, kisha nyekundu, ilhali Pillow huanza na nyekundu. Picha ikisomwa kwa maktaba moja na kuhifadhiwa kwa nyingine bila mpangilio kugeuzwa, nyekundu huwa buluu. Jambo hili si dogo kwa mtafiti wa miswada. Waandishi wengi walitumia wino mwekundu kutenga beti, vipande au maneno yenye heshima maalumu. Mtafiti atakayeitegemea picha hiyo peke yake ataeleza kwa uaminifu kamili wino wa buluu ambao haukuwahi kuwako.

4.0 Kuhariri

Marekebisho mawili hufanywa mara nyingi zaidi kuliko mengine. La kwanza ni kuondoa uchafu. Karatasi ya kale ina vidoa vya unyevu na matundu ya wadudu, na kichujio cha wastani wa kati hutumiwa kuvifuta. Kichujio hicho hutazama dirisha dogo, kwa mfano pikseli 5 kwa 5, huzipanga namba zake 25 kutoka ndogo hadi kubwa, kisha huchukua ile ya 13 na kuiweka mahali pa pikseli ya katikati. Basi, nukta yenye pikseli 3 kwa 3 ina pikseli 9 tu. Dirisha likiwekwa juu yake, pikseli 16 za karatasi huzishinda pikseli 9 za wino, na nukta hufutika yote. Kichujio hakina namna ya kujua kipi ni kidoa na kipi ni nukta ya nun. Kwacho vyote ni vitone vyeusi katika uwanja mweupe.

Rekebisho la pili ni kuigeuza picha iwe ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, kwa kuweka kizingiti. Kila pikseli iliyo chini ya kizingiti huwa nyeusi, na iliyo juu yake huwa nyeupe. Kizingiti kikiwa chini mno, wino uliofifia hupotea pamoja na nukta zake. Kikiwa juu mno, madoa ya karatasi huzaliwa kuwa nukta mpya. Katika hali zote mbili ukurasa unaotokea huonekana safi kuliko wa awali, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu usafi wake humfanya msomaji asiwe na shaka.

Hayo hayamaanishi kwamba marekebisho yaepukwe. Yapo maandishi yaliyofifia ambayo yamesomeka tena kwa sababu tu mtu alizikuza tofauti za rangi kwa kompyuta. Kinachotakiwa ni kwamba rekebisho lijulikane kuwa ni rekebisho, kama vile mhariri mwangalifu anavyotenga neno alilolisoma na neno alilolikisia.

5.0 Kuhifadhi

Kitenzi cha tatu ndicho chenye udanganyifu mkubwa zaidi, kwa kuwa katika Kiswahili kuhifadhi ni kulinda kitu kisipotee. Katika msimbo, kuhifadhi ni kukiandika upya, na kuandika upya kwaweza kupoteza.

Umbizo la JPEG, ambalo kiwango chake kiliidhinishwa mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza mambo madogo ambayo jicho la kawaida haliyatilii maanani. Kwa kawaida hupunguza pia rangi, hata pikseli 4 zikatumia thamani moja ya rangi. Njia hiyo ni ya busara kwa picha ya harusi au ya mandhari. Kwa ukurasa wenye nukta nyekundu ndogo, ni kama kumkabidhi mnakili asiyejua lugha. Tena kiwango cha ubora, kisipotajwa, huwa 95 katika OpenCV na 75 katika Pillow. Mistari miwili ya msimbo inayofanana kwa sura hutoa nakala mbili zisizolingana. Picha ikifunguliwa, ikakatwa na kuhifadhiwa tena kwa JPEG mara kadhaa, upotevu huongezeka juu ya upotevu.

Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka, mathalani 6 ikawa 8. Chanzo kilikuwa njia ya kubana faili ambayo hukusanya maumbo yanayofanana na kutumia umbo moja mahali pa yote. Nakala zilionekana safi na zilisomeka vizuri. Zilikuwa na makosa tu. Ikiwa tarakimu zilizochapwa kwa mashine ziligeuka, si busara kudhani kwamba nukta za kalamu ya mkono zitasalimika zenyewe.

Njia salama zipo. Umbizo la TIFF, lililoanza mwaka 1986, na la PNG, lililoanza mwaka 1996, huweza kuhifadhi kila namba ya jedwali bila upotevu. Gharama yake ni ukubwa wa faili.

6.0 Video na sauti ya mghani

Tenzi hazikutungwa ili zitazamwe tu, zilighaniwa. Kwa hiyo rekodi za video za waghani ni sehemu ya urithi ule ule. Video ni mfululizo wa picha, aghalabu 25 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Fremu ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina namba 6,220,800; sekunde moja ina zaidi ya milioni 155. Ndiyo sababu karibu kila video hubanwa, na kila inapohifadhiwa upya hubanwa tena.

Lakini upo upotevu mkubwa zaidi. Programu inayosoma fremu kwa OpenCV, ikaziongezea mwanga na kuziandika katika faili mpya, huandika picha peke yake. Sauti haimo. Mghani atafungua kinywa, vidole vitahesabu mizani, na ukimya utatawala. Asiyefahamu hivyo, akaifuta faili ya awali ili apate nafasi katika diski, atakuwa amehifadhi midomo na kupoteza utenzi. Sauti lazima irejeshwe kwa programu nyingine, kama FFmpeg, ambayo pia huweza kunakili mikondo ya picha na sauti bila kuibana upya. Kwa nakala ya kudumu upo mfumo wa FFV1, usio na upotevu, ambao maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 2021.

7.0 Hitimisho

Kutokana na hayo, kanuni nne zinapendekezwa. Kwanza, faili ya awali isiandikwe juu yake kamwe. Kila rekebisho lipewe jina jipya. Pili, kazi za kati zihifadhiwe kwa umbizo lisilo na upotevu, na JPEG iachiwe nakala za kuonyesha. Tatu, faili ya awali ipewe alama ya uthibitisho, kwa mfano ya SHA-256. Namba moja tu ya faili ikibadilika, alama hiyo nayo hubadilika, na badiliko hugundulika. Nne, kila kichujio, kizingiti na kiwango cha ubora kiandikwe katika kumbukumbu inayoandamana na picha, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni hizi si ngeni. Mhariri wa matini huitunza nakala aliyoipokea, hufanya kazi juu ya nakala nyingine, na hueleza katika tanbihi kila neno alilolibadili. Mwanafunzi anayeandika mistari minne ya msimbo juu ya mswada wa utenzi amekwisha kuwa mhariri, ajue asijue. Karatasi huliwa na mchwa, na ipo siku ambapo msomaji atabaki na faili peke yake. Akiuliza kama neno lile lilikuwa bata au nata, jibu litategemea kama nukta ile iliheshimiwa siku picha ilipohifadhiwa.