Kwa Nini Asiache Tu?

Leo twataka kusema nanyi, mlio Garsen, Ngao, Golbanti na vijiji vya kandokando ya Mto Tana, juu ya swali lisikikalo sana katika nyumba zetu: "Kwa nini asiache tu?" Mama huliuliza akiona sufuria yake imeuzwa. Baba huliuliza kwa hasira. Wazee wa kanisa nao huliuliza, kisha kijana huondolewa kwaya, na habari yake imekwisha.

Garsen iko njiani. Pale Minjila barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikaelekea Lamu, nyingine Hola na Garissa. Na unga, yaani heroini, umewaharibu vijana wengi wa pwani yetu tangu miaka ya 1980.

Swali letu limeulizwa hata katika maabara. Mwaka 1954, huko Montreal nchini Kanada, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya, wakampa kijiti cha kubonyeza ili ajipe umeme kidogo mwenyewe. Waya ulipogusa mahali fulani, panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa. Ni kama ubongo wasema: hili ni jema, lirudie. Sisi nasi tuna mahali hapo, na si pabaya. Ndipo chakula humpendeza mwenye njaa.

Kisha mwaka 1973, huko Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una kama vitasa ambavyo dawa za jamii ya afyuni huviingia sawasawa. Je, kitasa huwekwa bila ufunguo? Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, waliupata: ubongo hujitengenezea dawa yake ya kutuliza maumivu.

Basi unga huingia vitasa hivyo kwa nguvu kupita ufunguo wa nyumbani. Ubongo nao hujirekebisha, hata kipimo cha jana hakitoshi leo. Akiukosa, mifupa huuma, tumbo huendesha, usingizi hutoweka. Mnaujua mto wetu: ukishajichimbia mkondo mpya, haurudi ule wa zamani kwa kukemewa. Kijana aapaye kwa machozi kwamba ataacha, mara nyingi hasemi uongo.

Tena sikilizeni hili, maana laweza kuokoa maisha. Aliyekaa miezi bila unga, gerezani au amefungiwa chumbani na jamaa zake, akirudia kipimo chake cha zamani aweza kukata pumzi na kufa. Mwili umekwisha kuuzoea ukosefu wake, lakini tamaa haijaondoka. Kumfunga kamba si kumponya.

Katika hospitali ya Malindi kumekuwa na kliniki ya methadoni tangu mwaka 2015. Dawa hii hunywewa mbele ya mhudumu. Huingia vitasa vilevile, lakini polepole, ikadumu siku nzima, hata mwili ukatulia na mtu akaweza kufanya kazi. Wako wasemao, "Amebadili ulevi kwa ulevi." Hatukubaliani nao. Mwenye kisukari adungwaye sindano kila siku hatumwambii maneno kama hayo, wala hatumtoi kwaya.

Shida ya kwetu ni njia. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na dawa, hasa mwanzoni, hunywewa kila siku. Hakuna kijana awezaye nauli hiyo, wala mzazi wake. Ahitaji mahali pa kulala karibu na hospitali, na mtu wa kumwamsha asubuhi. Je, yuko kati yenu aliye na jamaa Malindi mwenye chumba? Mwambieni mchungaji wenu Jumapili hii, tena kabla ya ibada, maana baada ya ibada kila mtu huwaza chakula.