Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana katika Nyumba ya Askari

(Maneno yaliyonenwa na mama mmoja mbele ya wazazi na waalimu katika mkutano wa Yubili)



Nimeagizwa niseme juu ya watoto wadogo na sikukuu za Kanisa. Nilipoombwa mara ya kwanza nilikataa, maana mimi si mwalimu, wala sikusomea malezi. Lakini Padre akaniambia, "Mama, wewe ni mke wa askari. Sema habari za nyumba yako, zatosha." Basi nitasema habari za nyumba ya askari, na za mtoto mdogo aliyemo, na jinsi anavyoingia katika furaha ya Krismasi hali baba yake yuko mbali. Mkiona ya kuwa maneno yangu ni ya jikoni kuliko ya mimbarani, mnistahimili.

Kwanza yatupasa kukumbuka ya kuwa jambo hili si geni kwetu. Dayosisi yetu ya Masasi ilisimamishwa mwaka 1926, na Vincent Lucas akawa Askofu wake wa kwanza. Walakini Injili ilikuwa imefika Masasi miaka 50 kabla yake, yaani mwaka 1876, Edward Steere alipokuja na watu waliookolewa katika utumwa. Na tangu siku zile vita havikukosa kutupitia. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliupiga mji wa Wakristo. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilifika hata Masasi. Oktoba 1917 majeshi ya Wazungu yalipigana huko Mahiwa, na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma. Katika vita vile wanaume wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wao.

Kisha vikaja vita vya 1939 hata 1945, na vijana wa Tanganyika wakaenda Uhabeshi, na Madagaska, na hata Burma. Mwanzo wa Desemba 1944 askari wa Afrika ya Mashariki walikuwa wameingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na wake zao walikuwa huku wakitwanga mtama na kuuliza barua. Mwaka 1978 askari wetu walikuwa Kagera wakati wa Krismasi. Na katika siku zetu wamekwenda Kongo kulinda amani, na tangu 2021 hata 2024 walikuwa pamoja na majeshi ya nchi jirani huko Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma yetu hii. Basi katika miaka hii yote palikuwa na nyumba ambamo sikukuu iliingia na baba hayumo. Vitabu hutaja majemadari. Watoto walioketi mlangoni hawatajwi. Mimi leo nataka kuwataja.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu ana akili, tena nyingi, lakini si kama zetu. Hajui mwezi ni nini. Ukimwambia "kesho," kwake ni neno tu. Anajua kilichopo na kisichopo. Anajua harufu ya shuka ya baba yake, na mlio wa viatu vyake, na mahali anapoketi wakati wa kula. Vitu hivi vikiondoka, hawezi kuuliza kama mtu mzima aulizavyo; huuliza kwa kulia usiku, au kwa kukataa chakula, au kwa kumng'ang'ania mama yake hata asiende kisimani. Nasi husema, "Mtoto huyu amedeka." Si kudeka. Anauliza.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, maana kosa la mtu mmoja laweza kuwa fundisho la wengi.

Mwaka mmoja mume wangu alikuwa amepelekwa mbali, na mwanetu alikuwa na miaka miwili na nusu. Tuliambiwa ya kuwa huenda akapata ruhusa kuja kwa Krismasi. Mimi kwa furaha nililisahau lile "huenda." Siku ya kwanza ya Desemba nikatwaa kunde 25, nikazitia katika kibuyu kidogo. Kila jioni, baada ya sala, mtoto alitoa kunde moja na kuiweka katika kisahani. Nikamwambia, "Siku kunde zitakapokwisha, baba atakuja." Akashika neno lile kwa nguvu zake zote. Asubuhi alikimbilia kibuyu kabla hajanawa uso, akakitikisa asikie zimebaki ngapi.

Tarehe 23 simu ikaja. Ruhusa imeondolewa. Sikumwambia mtoto neno, maana sikuwa na moyo wa kumwambia.

Siku ya sikukuu tulikwenda kanisani, tukarudi, tukapika pilau, majirani wakaja. Mtoto alikuwa na nguo mpya. Alikaa mlangoni akitazama njia. Tulipomwita ale hakuja. Alasiri nikamwona ameketi peke yake penye kisahani, anazirudisha kunde katika kibuyu, moja moja, zote 25. Nikamwuliza, "Mwanangu, wafanya nini?" Akasema, "Baba hajaja. Tuanze tena."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Mama mkwe wangu akanifuata. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, umemwahidi mtoto kitu kisicho chako. Ruhusa ya askari ni ya mkuu wake. Wewe umwahidi kilicho chako, au kilicho cha Mungu."

Ndugu zangu, neno lile limekuwa hazina kwangu. Mwaka uliofuata nilitia kunde vilevile, lakini sikuhesabu kuja kwake baba. Tulihesabu kuja kwake Bwana Yesu. Maana yeye hazuiliwi na amri ya mtu, wala siku yake haiahirishwi. Baba akiwepo, amekuja. Baba asipokuwepo, amekuja. Kunde zikaisha, na mtoto akaona ya kuwa neno la mama yake ni la kweli, kwa kuwa asubuhi ile kengele ililia, na kanisani palikuwa na hori, na Mtoto amelala ndani yake. Jina la baba tulilitaja kila jioni katika sala, na picha yake tuliiweka mahali ambapo mtoto aweza kuifikia kwa mkono wake. Lakini hatukuifanya sikukuu kuwa deni ambalo baba hana uwezo wa kulilipa.

Narudi katika mwaka ule wa kwanza, maana habari haikuishia hapo. Baba alikuja tarehe 4 Januari. Sote tulifikiri mtoto atamrukia kifuani. Kumbe! Alipomwona yule mtu mrefu mlangoni, amevaa viatu vizito, alijificha nyuma ya kanga yangu akapiga kelele. Baba alikuwa amemletea gari la kuchezea lenye king'ora. Alipolipiga, mtoto akazidi kulia. Mume wangu ni mtu wa moyo, lakini nikaona uso wake umegeuka. Akasema, "Mwanangu mwenyewe ananikimbia kama mwizi?" Kisha akamwita kwa sauti ya kambini, "Njoo hapa!" Mtoto asije.

Ndipo mama yake akamwambia, "Mwanangu, vua viatu, keti mkekani. Mtoto haitwi kwa amri. Kaa karibu, ule chakula chako, usimtazame sana." Naye akatii, maana hata askari ana mama. Siku ya kwanza mtoto alimtazama toka mbali. Siku ya pili aligusa viatu vyake vilivyokuwa mlangoni. Siku ya tatu, iliyokuwa sikukuu ya Epifania, baba ameketi mkekani anakunywa uji, mtoto akaja polepole na kibuyu chake, akatoa kunde moja akaitia katika kiganja cha baba yake. Hakusema neno. Baba akaifumba ile kunde mkononi, asiweze kuumaliza uji.

Siku ile tulipika pilau mara ya pili, ndiyo Krismasi yetu. Wala msidhani ya kuwa tulivunja desturi. Mamajusi nao hawakufika pamoja na wachungaji. Walifika baadaye, safari yao ilikuwa ndefu, na Mtoto akawapokea. Kanisa limetupa siku 12 toka Krismasi hata Epifania. Kwa nini nyumba ya askari isizitumie zote? Anayekuja akiwa amechelewa kwa sababu ya kazi yake hajakosa sikukuu.

Tena kuna neno zito ambalo siwezi kulipita. Tarehe 28 Desemba twawakumbuka Watoto Watakatifu wa Bethlehemu, waliokuwa wa miaka miwili na chini yake. Nani aliwaua? Herode alitoa amri, lakini mikono ilikuwa ya askari. Kila mwaka siku hiyo naogopa kidogo, maana mtoto wangu amekuwa wa umri ule ule, na baba yake hushika silaha. Nimemwuliza mume wangu habari hii. Akajibu, "Ndiyo sababu yafaa niende kanisani siku hiyo kuliko siku zote." Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi yao, aliwakataza kumdhulumu mtu, na kuwaagiza waridhike na mshahara wao. Kornelio alikuwa akida, naye akabatizwa na watu wa nyumba yake. Basi tuwafundishe watoto wetu ya kuwa heshima ya baba si bunduki. Heshima yake ni kwamba mtoto wa mtu mwingine, asiyemjua, hulala salama usiku kwa sababu yeye yu macho.

Na wako wasiorudi. Tarehe 7 Desemba 2017, katika majira ya Kuja kwake Bwana, kambi ya walinzi wa amani ilishambuliwa huko Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, na askari wetu wa Tanzania si pungufu ya 14 waliuawa. Krismasi ilikuwa imebaki siku 18. Fikirini nyumba zile. Yawezekana nguo za watoto zilikuwa zimekwisha nunuliwa.

Katika msiba wa namna hii sisi hupenda kumwambia mtoto, "Baba amesafiri." Twafanya hivyo kwa huruma, lakini twamfunga kifungo kibaya. Maana aliyesafiri hurudi. Na mtoto yule atatazama njia kila Krismasi, mpaka siku atakapoambiwa kweli na mwingine, tena njiani, kwa dhihaka. Heri kumwambia kwa maneno machache, nawe umempakata: baba amekufa, hatarudi nyumbani, Mungu amempokea, nasi tuko hapa. Ataliuliza tena kesho, na kesho kutwa. Mjibuni vilevile kila mara, wala msichoke. Imani hujengwa juu ya neno lisilobadilika.

Mwisho nina maombi machache kwa sharika na kwa waalimu.

Waalimu wangu, mnapotayarisha mchezo wa Krismasi na watoto wadogo, msiwaulize mbele ya wenzao, "Baba yako yuko wapi? Mbona hakuja kukutazama?" Muulizeni mama kwanza. Na mtoto wa askari akilia katikati ya mchezo, mpeni mahali pa kukaa karibu nanyi, asifukuzwe.

Wazee wa kanisa, majina ya walio mbali kazini yatajwe katika maombi ya watu, kila mmoja kwa jina lake. Mtoto anayesikia jina la baba yake likitajwa mbele ya altare hujua ya kuwa baba hakusahauliwa.

Majirani, msimnyang'anye mama wa namna hii mtoto wake siku ya sikukuu na kumpitisha mkono kwa mkono, kila mtu akitaka kumbeba. Mtoto mdogo huchoka na watu wengi. Njooni na chakula, kaeni kidogo, mwacheni alale mchana kama desturi yake. Na usiku wa mwaka mpya, vijana wanapopiga fataki na makopo, mkumbuke ya kuwa mtoto hushtuka, na askari aliyetoka vitani hushtuka zaidi, ingawa hasemi. Furaha ya nyimbo na ngoma yatutosha.

Nanyi wake wenzangu wa askari, jueni ya kuwa nyumba yenu si pungufu. Nyumba ile ya kwanza ya Krismasi haikuwa na utulivu: Yusufu alisafiri kwa amri ya Kaisari, Mariamu alizaa mbali na mama yake, na baadaye wakakimbia usiku na mtoto mgongoni. Bwana wetu alichagua kuja katika nyumba ya namna hiyo. Hataona haya kuingia katika yenu.

Kibuyu kile ningali nacho. Mwaka huu wa Yubili mwanangu, ambaye sasa ajua kuhesabu, amemtilia mdogo wake kunde 25, akamwambia, "Hizi ni za Bwana Yesu. Baba tutamwombea."

Mungu azilinde nyumba zetu, na walio mbali, na wale wanaowangoja. Amina.