Kiwanja cha Mtaa ni Wajibu wa Serikali



Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Bunge letu lilitunga Sheria Namba 12 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Nchi ilikuwa changa na hazina yake ndogo, lakini viongozi wake walikwisha kukubali kwamba michezo ni jambo la dola. Hoja yangu leo inaanzia hapo. Serikali iliyokubali wajibu huo inapaswa kuutimiza kwanza pale mtoto anapofika kwa miguu, yaani kwenye kiwanja cha mtaa na cha kijiji.

Viwanja vikubwa vina heshima yake. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, huingiza watu 60,000. Agosti 2025 tuliandaa fainali za CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na nchi hizi tatu zimepewa AFCON ya 2027. Hayo ni ya kujivunia. Hata hivyo, sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na karibu wote wanaoingia uwanja ule huingia kutazama. Swali la mhadhara huu ni la anayetaka kucheza: aende wapi?

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na mtoto wa umri wa shule apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wananchi waliitika, na vikundi vya jogging vipo hadi leo. Lakini wapitieni alfajiri muone wanakokimbilia. Wengi wako pembeni mwa barabara, wakipishana na daladala na bodaboda. Wito ulitolewa, mahali pa kuuitikia hapajatengwa.

Kikwazo cha kwanza ni ardhi. Ramani za mipango miji huonyesha maeneo ya wazi, na kwa miaka mingi vijana wa mchangani wameyatumia bila kumwomba mtu. Kisha linakuja banda moja la biashara nyuma ya goli. Baada yake inafuata gereji, halafu ukuta. Siku mwenyekiti wa mtaa anapoulizwa, hana karatasi ya kuonyesha, kwa sababu eneo lile halikupimwa wala kumilikishwa kwa niaba ya wananchi. Hapo mwenye nguvu hushinda, na watoto huhamia barabarani. Kila halmashauri inaweza kuvipima viwanja vya kata zake, kuvisajili kuwa mali ya umma na kubandika orodha yake ofisini kwa mtendaji ili kila mtu aisome.

Cha pili ni umiliki. Viwanja vingi vya mikoa, kama CCM Kirumba Mwanza, Sheikh Amri Abeid Arusha na Sokoine Mbeya, viko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi. Ni urithi wa zama za chama kimoja, zilizokoma mwaka 1992. Mjadala wa nani avimiliki utaendelea. Wakati tukiusubiri, serikali inaweza kuingia mikataba ya saa za jamii, ili asubuhi na jioni zisizo na mechi ziwe za watu wote bila kiingilio.

Cha tatu ni matunzo. Mwaka 2021 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyo katika majiji. Ilikuwa hatua njema, ila nafuu ya kodi humsaidia mwenye fedha za kununua nyasi. Kiwanja cha Nachingwea au Kibondo kinahitaji kusawazishwa, kupata mitaro ya maji ya mvua, magoli imara, choo na mlinzi. Haya hugharimiwa mwaka hadi mwaka, hivyo yanahitaji fungu la kudumu. Mfano tunao. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Napendekeza asilimia 1 ya mapato hayohayo, juu ya ile 10, iwekwe kisheria kwa viwanja vya kata.

Cha nne hakihitaji fedha nyingi, bali uamuzi. Kiwanja kisicho na ratiba hutawaliwa na wanaume wenye misuli. Msichana aliyecheza netiboli katika mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, hurudi mtaani akakuta kiwanja kizima kimeshikwa na timu za soka la ndondo, na mchezo wake unaishia hapo. Kamati ya kiwanja iwe na wanawake, walemavu na wazee ndani yake, na saa zao ziandikwe na zilindwe. Shule nazo zifungue viwanja vyao baada ya masomo, kwa makubaliano na serikali ya mtaa kuhusu ulinzi na usafi.

Mwisho, nasema na mwananchi wa kawaida. Katika mkutano ujao wa mtaa au wa kijiji chako, simama uulize maswali matatu: kiwanja chetu kimepimwa? Kimesajiliwa kwa jina la nani? Mwaka huu kimetengewa shilingi ngapi? Taka majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Diwani asiyeweza kuyajibu leo apewe muda, na muda ukiisha aulizwe tena.