Si Kila Dozi Humalizwa

Mwenyekiti wa jumuiya yetu amenipa dakika chache na ameniomba nisiwatishe. Nitajitahidi, ingawa anayefanya kazi ya famasia hapa Ohio huona mengi.

Nazungumzia vidonge vya maumivu tunavyopewa baada ya upasuaji, baada ya kung'oa jino, au mtu anapoumia mgongo kazini. Kwenye chupa utasoma Percocet, oksikodoni, haidrokodoni, tramadoli. Zote ni ukoo mmoja na mofini, na kwa wale mliokulia Kinondoni au Mombasa niseme wazi: ni ukoo mmoja na unga, yaani heroini. Hilo halizifanyi kuwa haramu. Maumivu makali yanahitaji dawa kali, na kule nyumbani wagonjwa wengi wa saratani wanateseka kwa kuzikosa. Uganda ilishtuka mapema: Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, serikali ikaanza kutoa mofini ya maji bila malipo, na tangu 2004 hata wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Kwa hiyo atakayewaambia dawa hizi ni za shetani, msimsikilize.

Tatizo letu linaanzia kwenye somo tulilolishika vizuri mno. Tangu utotoni tumeambiwa maliza dozi. Malaria, maliza dozi. Kifua kikuu, maliza dozi hata kama umeshapata nafuu. Ni sahihi kabisa kwa dawa za kuua vijidudu. Dawa ya maumivu haiui kijidudu chochote. Chupa ikisema kidonge kimoja kila baada ya saa sita “ukihitaji”, basi maumivu yakishavumilika unaacha, hata kama vimebaki kumi na vitano. Wapo wazee wetu wanaotegesha simu iwaamshe saa nane za usiku wameze kidonge na hawaumwi popote, kwa utiifu tu! Mwili unazoea, na siku chupa inapoisha linakuja jasho, kuharisha, viungo kuuma, usingizi kupaa. Hiyo ni arosto, na inampata hata shemasi. Aliyekwisha kutumia kwa wiki kadhaa asikate ghafla. Amwone daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Jambo jingine ni Panadol, ambayo kila sanduku linalotoka nyumbani huja nayo. Kidonge cha Percocet kina oksikodoni pamoja na miligramu 325 za parasetamoli, ambayo hapa wanaiita asetaminofeni na kuiuza kama Tylenol. Ukimeza Percocet, ukaongeza Panadol mbili kwa kichwa, na usiku ukanywa NyQuil kwa mafua, umekunywa parasetamoli mara tatu bila kujua. Mtu mzima mwenye ini zima asipite miligramu 4,000 kwa siku. Ini likiharibika halipigi kelele siku ya kwanza.

Halafu kuna ukarimu wetu. Jirani anaumwa mgongo, unamwambia subiri, mimi nilibakiwa na vya upasuaji. Hujui anatumia nini kingine: dawa ya usingizi, bia mbili za jioni, au Piriton. Vikikutana na kidonge hiki vinaweza kumkata pumzi. Na watoto, msiwape kabisa! Ini hugeuza kodeini, dawa nyingine ya ukoo huu, kuwa mofini, na kwa baadhi ya watu huigeuza kwa kasi ya hatari. Hali hiyo ni ya kurithi, na Ethiopia imeonekana zaidi kuliko Ulaya. Baada ya vifo vya watoto, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba kodeini na tramadoli wasipewe walio chini ya miaka 12, na ikawaonya mama wanaonyonyesha. Vidonge vilivyobaki virudisheni kwenye sanduku la kukusanyia dawa kwenye famasia. Msivifunge kwenye mzigo wa mtu anayepitia Dubai au Doha, akajikuta anajibu maswali ya dawa za kulevya.

Wengine hulalamika kwamba wamepewa vidonge vichache kwa sababu ya rangi yao. Ubaguzi upo, sitaukana. Lakini tangu 2017 sheria ya Ohio kwa kawaida inaweka kikomo cha siku saba kwa mtu mzima mwenye maumivu ya muda mfupi, na siku tano kwa mtoto. Sheria hizo zimetokana na makaburi mengi. Kampuni iliyouza OxyContin, kidonge cha oksikodoni, ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007, kwamba iliwapotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Na mkienda hospitali, msimfanye mtoto wa darasa la sita kuwa mkalimani. Ombeni mkalimani wa Kiswahili; ni bure, ni haki yenu.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mtu aliyezidiwa na dawa hizi hapigi kelele. Analala. Anakoroma koromo nzito, yenye kukatika, na familia inasema mwacheni apumzike, amechoka na zamu ya usiku. Mwiteni kwa jina, msugueni kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, tazameni midomo, fizi na kucha. Kwa ngozi zetu msisubiri rangi ya bluu, tafuteni kijivu. Pigeni 911, mpulizieni puani naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya vidonge hivi, kisha mlazeni ubavu. Asipoamka baada ya dakika mbili au tatu, mpulizieni ya pili kwenye tundu jingine. Akiamka bado aende hospitali, maana naloksoni huisha nguvu mwilini mapema kuliko kidonge chenyewe.

Tangu 2023 naloksoni ya kupuliza inauzwa bila cheti cha daktari, na hapa Ohio mpango wa Project DAWN unaitoa bila malipo. Nitabaki pale karibu na meza ya chai. Mwenye chupa yoyote kwenye mkoba aje nayo tuisome pamoja.