Baridi, Fahamu na Bati la Kalima



Kuna hoja inayotembea kwa madaha siku hizi, mimbarani na madarasani: eti fizikia ya kwanta imethibitisha kwamba akili ya mtu ndiyo inayoumba uhalisia. Wanaoieneza humtaja mwanafizikia Eugene Wigner. Ni kweli, mwaka 1961 Wigner aliandika kwamba kipimo hakikamiliki bila fahamu ya mtazamaji. Wasichosema ni kwamba baadaye mwenyewe aliiacha rai hiyo. Mhubiri anayeuza utajiri kwa jina la kwanta simjibu. Nawajibu wasomi wanaomwazima hoja.

Jibu langu linaanzia kwenye baridi, huko Leiden: Heike Kamerlingh Onnes aligeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, na mwaka 1911 akaona ukinzani wa umeme katika zebaki ukitoweka kwenye kelvini 4.2, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya bati. Marehemu mjomba wangu alichambua kasiteriti, jiwe la bati, kule Kalima. Alilijua jiwe kwa uzito wake kiganjani, hata gizani. Hakuwahi kuambiwa kwamba bati linalotoka humo, likipozwa hadi kelvini 3.7, hupitisha umeme bila kupoteza chochote. Hata tantali na niobi zilizomo ndani ya koltani zina tabia hiyo.

Niobi ndiyo inayonileta kwenye makala ninayoipenda kuliko zote: ile ya Michel Devoret, John Martinis na John Clarke, iliyotoka Berkeley mwaka 1985 na kuwaletea Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Walichukua kiungo cha Josephson: niobi upande mmoja, mchanganyiko wenye risasi upande wa pili, na utando mwembamba wa oksidi katikati. Mkondo ulipita bila volti yoyote. Kisha ghafla kiungo kikaponyoka kutoka hali hiyo, volti ikaonekana. Kukiwa na joto, si ajabu: joto ndilo lililokisukuma. Lakini walipoteremka hadi sehemu ndogo za kelvini, kasi ya kuponyoka ilikoma kupungua, ingawa baridi ilizidi. Ni kama mbuzi wa zizini anayekutwa nje, ukuta mzima na mlango umefungwa. Na kilichopenya hakikuwa elektroni moja. Ni hali ya pamoja ya mabilioni ya elektroni. Tena kipimo kililingana na nadharia bila kurekebisha namba hata moja ili mambo yakubaliane. Naisoma tena kila mwaka, na kila mwaka natamani ningeiandika mimi.

Sasa tazameni walihangaika na nini. Walisokota nyaya ndani ya unga wa shaba ili kelele za mikrowevu kutoka chumba chenye joto zisifike kwenye kiungo. Kilichohitaji kuzuiwa ni joto na kelele. Hakuna kichujio cha fahamu popote katika makala ile. Kama macho ya mtu ndiyo yanayoamua, taabu yote ile ya baridi ilikuwa ya nini?

Mwanafizikia Roger Penrose, ambaye namheshimu, alikuja kwa mlango mwingine: fahamu inatokana na kwanta ndani ya ubongo, katika vijibomba vya protini vya seli. Lakini ubongo uko kwenye kelvini 310. Mwaka 2000 Max Tegmark alikokotoa kwamba hali ya kwanta ndani ya ubongo ingevurugika katika muda usiozidi sehemu moja ya trilioni 10 ya sekunde. Wafuasi wa Penrose walimjibu mwaka 2002 wakaurefusha sana muda huo. Bado ni hesabu za karatasini. Sikatai kwamba kwanta huweza kufanya kazi ndani ya mwili wenye joto; huenda jicho la ndege ahamaye linaitumia kuhisi usumaku wa dunia. Ila kutoka jicho la ndege hadi kuumba ulimwengu ni safari nyingine.

Mwanafunzi makini ataniuliza kuhusu mwanafizikia Anthony Leggett. Mwaka 1985, pamoja na Anupam Garg, alitunga mtihani kwa sisi tulioamini kwamba kitu kikubwa huwa katika hali moja dhahiri hata kisipoangaliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Saclay, Ufaransa, waliufanya mtihani huo kwa saketi ya baridi, na imani hiyo ikaanguka. Nimeupima ushahidi huo kwa uzito wake. Ulichoangusha ni wazo kwamba saketi ile lazima iwe na hali moja tu. Haukuangusha wazo kwamba saketi ipo, na mimi sitoki hapo. Anayetaka kuning'oa alete kipimo: kiungo kilekile, milikelvini zilezile, na kasi ya kuponyoka inayobadilika kwa sababu mtazamaji ametoka chumbani.