Nani Amtunze Mtunzaji? Wanawake, Hifadhi ya Jamii na Afya ya Akili Beni na Butembo

Ebola ilipotangazwa Mangina, mashariki mwa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, watu wa Beni walikuwa wakizika jamaa zao tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuwafukuza wakulima kwenye mashamba ya Mbau, Oicha na Eringeti. Ugonjwa ulikwisha Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Ndio wanaouguza nyumbani. Ndio wanaolala hospitalini na mtoto mwenye homa.

Karibu na vituo vya matibabu, UNICEF na washirika wake walifungua kreshi za watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Walezi walikuwa wanawake waliopona Ebola: kinga waliyoipata iliwaruhusu kumpakata mtoto mchanga ambaye jamaa zake wenyewe waliogopa kumgusa. Mitaani walikuwa wakikwepwa. Kreshini walihitajiwa, na walilipwa. Hiyo nayo ilikuwa tiba ya akili, sawa na mazungumzo na mwanasaikolojia. Dharura ilipopita, kazi ilipita nayo.

Dharura hiyohiyo iliwajeruhi wengine. Septemba 2020 wanahabari walichapisha madai ya wanawake zaidi ya 50 wa Beni kwamba wanaume wa mashirika ya misaada waliwadai ngono ili wawape kazi. Mwaka uliofuata, tume huru iliyoundwa na WHO ilihesabu watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Baadaye ilifahamika kwamba wanawake wasiopungua 104 walipewa na WHO dola 250 kila mmoja, mara nyingi kwa sharti la kuhudhuria mafunzo ya biashara ndogo. Kwa mwanamke aliyeachwa na mimba na fedheha, huo ni msaada haba mno.

Chanzo cha yote haya ni kimoja: riziki ya mwanamke kupitia mkono wa mwingine. Hata CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2016, imejengwa juu ya mshahara, na muuza maharagwe wa Butembo hana mshahara. Bima yake ni likirimba, mchango wa kupeana kwa zamu. Lakini likirimba humfaa anayechangia. Mjane anayekosa usingizi, anayeshtuka kwa kila mlio, hushindwa kwenda sokoni. Akikosa soko hakosi mchango tu, hukosa zamu yake na heshima yake mbele ya wenzake. Ugonjwa unamnyang'anya kinga pale anapoihitaji zaidi, na wasiwasi wa deni unazidisha ugonjwa.

Fedha za kuanza kuukata mzunguko huo zipo. Sheria ya Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga wa vita, unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Fedha hizo zimfikie mjane wa Oicha kama posho ya kila mwezi, na zimlipe mwanasaikolojia katika kituo cha afya anachoweza kukifikia kwa miguu.